Jina la tatu si la ukoo: kwa anayeanza kufuatilia nasaba Tanga

Wengi wakianza kuutafuta ukoo wao Tanga hulishika jina la mwisho na kulifuata kwenda juu. Hapo ndipo wanapopotea. Jina la tatu kwa kawaida ni la babu, na hubadilika kila kizazi. Bakari Omari Shehe humzaa Ali Bakari Omari, naye Ali humzaa Bakari Ali Bakari. Shehe hayumo tena kwenye vyeti, na kwa kuwa mjukuu amepewa jina la babu, Bakari wawili hugeuzwa mtu mmoja na kizazi kizima kikatoweka.

Kila mtu mwandikie karatasi yake: majina matatu, mama yake ni binti nani, alizaliwa wapi, alioa au kuolewa wapi, kazikwa wapi. "Mama Asha" peke yake haitoshi, maana wako wengi mtaa mmoja. Na upande wa kikeni usiuache: kwa Wazigua, kwa asili, ukoo hufuata mama.

Kwenye mashamba ya mkonge ndiko uzi unakokatika zaidi. Manamba, yaani vibarua wa mkataba, walitoka Unyamwezi, Ubena, Uha hata Burundi, na kuanzia 1944 wengi waliletwa kupitia SILABU, ofisi ya kuajiri vibarua wa mkonge. Mtu alihesabiwa kwa kipande, yaani kadi ya siku 30 za kazi, na jina lake karani aliliandika alivyolisikia. Wengine walisilimu walipolowea pwani: Masanja akawa Ramadhani bin Abdallah, ilhali baba yake bara hakuwahi kuitwa Abdallah. Ukimkuta bin Abdallah asiye na ami wala shangazi, uliza, "Kwao aliitwa nani?"

Wazee waendee kwa shikamoo na kwa subira, usifike na orodha mkononi. Majina kama Mabruki, Feruzi na Songoro aghalabu walipewa watumwa. Hilo usimuulize mzee barazani mbele za watu. Mngoje mbaki wawili, na asipotaka kusema, mwache. Ni haki yake.

Kwenye nyaraka za Wajerumani, walioitawala Tanga hadi 1916, tafuta kwa tahajia zao: Juma huwa Dschuma au Djuma, Shehe huwa Schehe, na y mara nyingi huwa j, kama Bagamojo. Ukitafuta "Juma" tu utaondoka mikono mitupu na jalada liko mbele yako.

Kaburi lenye maandishi lina thamani kubwa, ila tarakimu za Kiarabu huponza. Tano yao ni duara, hufanana na sifuri yetu. Sifuri yao ni nukta tu. Chukua ١٣٠٥, yaani 1305. Chumvi ya bahari ikila ile nukta, utasoma 135. Mwaka wa Hijria uzidishe kwa 0.97, kisha ongeza 622: 1305 inakupa kati ya 1887 na 1888. Usiongeze tu 622 au 579 kwa mazoea, maana mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku kama 11, na pengo hubadilika.

Omba ruhusa kwa wenye kaburi kwanza. Piga picha asubuhi mapema, jua likipiga kwa ubavu, herufi zitajitokeza zenyewe. Jiwe likiwa na kuvu limwagie maji safi tu. Brashi ya waya hukwangua chokaa, na maandishi yakishatoka hayarudi.