Vaa Wewe Kwanza, Kisha Watoto

Idd el-Fitr ya mwaka juzi tulipiga picha ya familia nyumbani kwa mama mkwe, Temeke. Baba watoto yuko kwenye kanzu nyeupe iliyonyooka, mkubwa na mdogo wake wamependeza, kitinda mimba kapakwa wanja mpaka anafanana na bundi. Pembeni kabisa, nusu ya bega iko nje ya picha, kuna mtu amevaa dera la njano lenye alama ya vidole vya unga wa sambusa tumboni. Huyo ni mimi. Jioni wifi yangu akaitupia picha kwenye grupu la ukoo na kuandika, "Jamani, kumbe na wifi alikuwepo?"

Nilicheka kama wengine. Baadaye nilipokuwa naosha sufuria za pilau ndipo ikaniuma. Maana gauni jipya la Idd nilikuwa nalo. Nililipiga pasi usiku wa kuamkia sikukuu, nikalitundika nyuma ya mlango wa chumbani, na siku nzima lilibaki palepale likiniangalia.

Mama mwenzangu, hebu jikumbushe asubuhi ya kutoka inavyokwenda. Unaamka wa kwanza. Unachemsha maji, unaogesha huyu, unampaka huyu mafuta, wa tatu kapotelea chini ya kitanda na kiatu kimoja. Baba anauliza soksi ziko wapi, kana kwamba huwa zinahama. Unapomaliza kuwapanga wote sebuleni kama maandazi kwenye sinia, bajaji iko nje inapiga honi, na wewe bado una dera la jikoni. Unafanya nini? Unarusha mtandio kichwani, unatoka. Halafu watu wanasema umejisahau tangu uzae. Hukujisahau, ulijipanga mwisho wa foleni na foleni ikafungwa kabla hujafika dirishani.

Tangu siku ile nimegeuza utaratibu, na kama utachukua jambo moja tu kwangu, chukua hili: mama avae kwanza. Naamka saa kumi na moja na nusu, naoga, navaa nguo ya kutokea kamili, hereni, wanja, kila kitu. Juu yake najifunga khanga, moja kifuani na nyingine mabegani, kama mpishi wa shughuli. Hapo ndipo naanza kuogesha watu. Uji ukimwagika, umemwagikia khanga. Mafuta ya mgando yakinipaka, yamepaka khanga. Honi ikipigwa nafungua fundo, khanga inadondoka, na mimi niko tayari. Mara ya kwanza mkubwa wangu wa miaka tisa aliniuliza, "Mama, umebadilisha nguo saa ngapi?"

Kuhusu hiyo khanga sina mzaha. Doti moja haiachwi nyumbani kwetu tukitoka. Kipande kimoja ni cha kukalia mchangani, kingine ni cha kunyonyeshea, kumbebea aliyelala, kumfutia aliyeloa, kuziba dirisha la gari jua likipiga upande wa mtoto. Lakini khanga mpya ifue mara mbili au tatu kabla ya kuitegemea. Ikitoka dukani bado ina ule ukavu wa wanga, ukiifutia maji yanateleza tu, hayanyweki. Mama yangu, mzaliwa wa Mombasa ambaye mpaka leo anaiita leso, ana doti za Mali ya Abdulla, lile duka lililoanza Mombasa mwaka 1887, zimefuliwa mpaka zimekuwa laini kama shavu la mtoto. Hizo ndizo za kuomba urithi. Na jina la khanga lisome kabla ya kwenda nayo ukweni. Niliwahi kukaa barazani kwa mama mkwe nimejifunga "Mdhaniaye ndiye siye", kwa bahati mbaya kabisa, nilichomoa tu kabatini. Wifi alinuna mpaka magharibi.

Sasa nikiri kosa la upande wa pili. Baada ya ile picha ya Idd nilipania. Nikaenda Kariakoo nikanunua jampsuti, ile suruali pana iliyoungana na blauzi ya mikono mirefu, rangi ya maziwa, zipu mgongoni. Shilingi 45,000 baada ya kubishana sana. Kwenye kioo cha dukani nilijiona mtu mwingine. Jumamosi iliyofuata tukavuka na pantoni kwenda Kigamboni, watu watano, kikapu kimoja, na mimi nimeng'ara katikati ya abiria na matenga ya nyanya.

Saa sita mchana nikabanwa. Choo cha ufukweni ni cha kuchuchumaa, sakafu imelowa, msumari wa kutundika kitu hakuna. Ili nijisaidie ilibidi nivue kuanzia mabegani mpaka magotini. Mikono ya nguo nikaing'ata kwa meno isiguse chini. Mkono mmoja umeshikilia komeo lililolegea, mwingine umemshika kitinda mimba, ambaye hapohapo aliona ni wakati mzuri wa kufungua mlango. Na wa kati, niliyemwacha nje asimame asubiri, akawa anatangaza kwa sauti ya mnadi wa samaki pale Feri: "Mama anavua nguo zoteee!"

Jampsuti ile nimempa mdogo wangu. Hana mtoto bado, mwache aifaidi.

Kutoka hapo nina mtihani, na nguo isiyofaulu hainunuliwi hata kama bei ni ya kutupa. Nachuchumaa nayo kama nafunga kamba za kiatu cha mtoto. Nanyoosha mkono juu kama nimeshika bomba la daladala, nione blauzi inapanda mpaka wapi. Nakaa chini nimenyoosha miguu. Nainama kama naokota chupa ya maziwa, halafu namwuliza muuzaji kama shingo ya gauni imefunguka. Wauzaji wa Kariakoo wameshanizoea, na mmoja aliniambia, "Mama, unanunua gauni au unafanya mazoezi?" Kama bado unanyonyesha, ongeza swali jingine: kifua kinafunguka kwa mkono mmoja? Zipu ya mgongoni, hata iwe nzuri vipi, ni ya waliokwisha kuachisha.

Rangi nazo nimezisoma kwa gharama. Rangi ya maziwa na nyeupe ni za shughuli ambayo watoto hawakualikwa. Matembezini na watoto adui wa kwanza si tope, tope linafulika. Adui ni ubuyu. Ule mwekundu wa Zanzibar, mtoto akimumunya punje tatu, mkono wake unakuwa muhuri, na mahali anapougongea ni kwenye paja lako. Anafuata bibo, kwa wenye ndugu Mkuranga au Mtwara: maji ya bibo yakikauka kwenye nguo, ifanye nguo hiyo ya kulalia. Dafu nalo watu hulidharau kwa kuwa maji yake ni meupe, kumbe yakikauka huacha doa la kahawia ambalo sabuni hulizunguka tu. Dawa ni kuliwahi kwa maji mengi likiwa bichi, hapohapo, usisubiri kufika nyumbani. Kwa hiyo mimi sasa ni mtu wa maua makubwa na rangi za kuchanganyika. Kitenge chenye hudhurungi, nyekundu na kijani hubeba madoa manne bila mtu kujua.

Na jasho je? Dar ya Januari unaijua. Kijivu na bluu ya mbingu ni rangi mbea kabisa, ukishuka mwendokasi kituo kizima kinajua kwapa lako limelowa wapi. Kitambaa kiwe pamba. Kuna vitenge vya bei rahisi vinavyong'aa sana na kuteleza mkononi; hivyo vina poliesta, na ndani yake mtu unaiva kama ndizi kwenye gunia. Kifinye kitambaa ngumini uachie: pamba hubaki na mikunjo, poliesta hurudi kama hakijaguswa. Mikunjo si aibu. Mtu mwenye watoto watatu asiye na mikunjo namtilia shaka.

Kuhusu sare za familia nitasema kidogo maana najua wapenzi wake ni wakali. Watu watano kutoka kitenge kimoja kuanzia shingoni mpaka miguuni, mnafanana na mapazia ya ukumbi. Sisi pande la yadi 6 lilitoa gauni langu la magotini, shati la mikono mifupi la baba yao, na sketi ya wa kati. Mkubwa aliambulia mfuko wa kubandika kwenye tisheti nyeupe, mdogo akapata kofia. Ikapendeza kuliko sare kamili, na ile tisheti bado anaivaa. Kitenge kiloweke maji ya baridi na kukianika kabla ya kukipeleka kwa fundi, kama kina hamu ya kusinyaa au kuchuja rangi kimalize huko huko kwenye beseni. Mwambie fundi aache akiba kwenye mishono ya pembeni, mwili wa mama hupanda na kushuka. Na mifuko. Miwili, ya kina, inayoingia simu nzima. Fundi wangu wa Tabata alinibishia kwamba mifuko inaharibu nyonga. Nikamwambia nyonga zangu zimeshabeba watoto watatu, zitamudu na simu.

Viatu sina mengi. Makobazi ya ngozi yenye kamba nyuma ya kisigino, basi. Ndala zitakukatikia kwenye ngazi za pantoni. Kama ni harusi, kisigino kirefu kiingie kwenye mfuko, ukivae mlangoni na ukivue keki ikishakatwa.

Mkoba ndio nimeuacha kabisa siku za matembezi. Natembea na kikapu cha ukili, kile cha miaa chenye rangi za zambarau na kijani, nilikinunua Unguja. Kinaingiza nepi, chupa ya maji, khanga, tisheti mbili za akiba, kopo la mihogo ya kukaanga ya Coco Beach ambayo mtu atadai hataki kisha aikumbuke mbele ya Makumbusho. Mchanga ukiingia unachujika wenyewe kwa chini. Mkoba wa ngozi ulikuwa unatunza mchanga mpaka Mfungo Tatu. Na juu ya hayo kinapendeza, watu watatu wameshanisimamisha kuuliza bei.

Baba watoto nilimkabidhi soksi, viatu na kuchana nywele. Sikumwomba anisaidie, maana ukiomba msaada inaonekana kazi ni yako. Nilimwambia tu, "Baba, idara ya miguu na vichwa ni yako." Wiki za kwanza walitoka na soksi za rangi mbili. Nilijikaza, nikanyamaza. Hakuna aliyekufa.

Wa kati ana miaka mitano na ana maoni yake. Alikwenda kwenye harusi ya shangazi yake na gauni la shela na buti za mvua za manjano, kwa kuwa nilichoka kubishana na gari lilikuwa limefika. Hilo nalo ni somo la kuchagua vita: mimi napigania usafi na jua lisimuunguze, mengine namwachia. Bibi harusi aliomba apigwe picha na zile buti.

Pesa? Najua swali hilo linakuja. Zamani kila sikukuu watoto walipata nguo mbili mbili na mimi nikajiambia nitanunua mwezi ujao. Sasa nina kibubu, natumbukiza shilingi 1,000 siku za kazi, na kila baada ya miezi mitatu nakivunja. Haizidi 65,000 na sinunui zaidi ya nguo moja au mbili. Mara nyingi naishia soko la mitumba la Karume, asubuhi ya siku wanayofungua balo, kwa sababu kitani safi cha mtumba cha 8,000 kinashinda gauni jipya la 40,000 linalofumuka mshono kabla halijafuliwa.

Idd ya mwaka huu tulipiga picha palepale kwa mama mkwe. Niko katikati, gauni la kitenge, kilemba, na kwenye paja la kushoto kuna vidole vitano vya ubuyu ambavyo usipoambiwa utadhani ni sehemu ya maua. Wifi hakuandika kitu kwenye grupu. Alinifuata faragha, akaomba namba ya fundi. Nimempa. Amesema kapewa ahadi ya Alhamisi, na mimi nimemjibu tu, "Inshallah, wifi yangu," maana gauni langu mimi liliahidiwa Shaabani.