Kabla Hujaweka Maneno ya Mtu Juu ya Sura Yako

Kazi yangu ni uhariri, na miswada inayopita mikononi mwangu karibu yote ina ugonjwa mmoja: kila sura inafunguliwa na maneno ya mtu mashuhuri. Mtu anasimulia alivyoanza kufuga kuku Kibaha, lakini kabla hujamwona kuku hata mmoja unakutana na Mandela, Einstein na Shaaban Robert wamejipanga mlangoni. Nikimuuliza mwandishi maneno haya kayatoa wapi, ananijibu, "Si yapo tu mtandaoni?" Nikimuuliza kama ana ruhusa, ananitazama kwa mshangao: "Lakini jina lake nimeliandika hapo chini."

Hapo ndipo watu wengi wanapochanganya. Kumtaja mwenye maneno ni deni moja, na kupata idhini ya kuyatumia ni deni jingine. Unaweza kumtaja mtu vizuri kabisa, jina lake, kitabu na ukurasa, na bado ukawa umechukua mali yake bila ruhusa. Na unaweza kuwa huru kisheria kuchapa shairi zima la mtu aliyekufa zamani, ukalichapa kimya bila kumtaja, wasomaji wakakuita mwizi. Watakuwa hawajakuonea.

Nianze na hilo la kutaja, kwa sababu ndilo linalonila muda. Nukuu nyingi maarufu hazikusemwa na hao waliobandikwa. Yale maneno kwamba tunachokiogopa zaidi si udhaifu wetu, ni ukubwa wa uwezo wetu, watu wanaapa kwamba Mandela aliyatamka siku ya kuapishwa kwake mwaka 1994. Hotuba ile ipo. Isome mwanzo hadi mwisho, hayamo. Yametoka kwenye A Return to Love, kitabu cha Mmarekani Marianne Williamson cha mwaka 1992. Voltaire, mwanafalsafa wa Ufaransa, naye anabebeshwa kauli ya kwamba hakubaliani na usemayo lakini atakufa akitetea haki yako ya kuyasema. Aliyeiandika ni Evelyn Beatrice Hall, katika kitabu chake cha mwaka 1906 kuhusu Voltaire na rafiki zake, akieleza msimamo wa mzee huyo kwa maneno yake yeye mwenyewe Hall. Kwetu Tanzania mwenye mzigo huu ni Mwalimu Nyerere. Mtu akipata wazo analoona zito, analibandika kwenye picha ya Mwalimu, na kufikia jioni limeshazunguka makundi yote ya WhatsApp. Methali za wahenga nazo anapewa Shaaban Robert, kana kwamba marehemu hakuandika ya kwake ya kutosha.

Kwa hiyo sipitishi nukuu ambayo ukurasa wake sijauona. Namaanisha ukurasa wa kitabu, sio picha yenye maua na machweo. Wakati mwingine naenda maktaba, wakati mwingine nampigia mtu mwenye kitabu anipigie picha kurasa mbili: ule wenye maneno, na ule wa mwanzoni unaoonyesha mchapishaji, mwaka na mwenye hakimiliki. Ukurasa usipopatikana, nukuu inatoka. Waandishi wananuna, lakini sijaona sura iliyoharibika kwa kuondolewa nukuu.

Baada ya hapo ndiyo tunauliza habari ya ruhusa, na swali la kwanza ni la kaburini: mwenye maneno amefariki lini? Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 na Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 zote zinailinda kazi ya maandishi kwa uhai wote wa mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962, kwa hiyo vitabu alivyovitoa akiwa hai vililindwa hadi mwisho wa 2012. Euphrase Kezilahabi, mwandishi wa riwaya na mashairi, alifariki Januari 2020. Kwake utasubiri hadi mwisho wa 2070, au tuseme watasubiri wajukuu zako. Mshairi Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, hana mrithi wa kumbishia hodi.

Ila angalia ni mkono wa nani umepita katikati. Shakespeare alikufa mwaka 1616, na kila mtu anajua yuko huru. Sasa mteja mmoja alitaka maneno ya Shylock, yule mkopeshaji wa tamthilia ya The Merchant of Venice, kwenye kalenda ya ofisi yake, kwa Kiswahili, na akayanakili kutoka tafsiri yake, Mabepari wa Venisi. Kiswahili kile ni cha Nyerere, kilitoka mwaka 1969, na Nyerere alifariki Oktoba 1999. Kinalindwa hadi mwisho wa 2049. Shylock ni wa wote, lakini sentensi zile zina mwenyewe. Nilimpa njia mbili: aombe ruhusa, au akae na Kiingereza cha Shakespeare atafsiri mwenyewe bila kumchungulia Mwalimu. Alijaribu ya pili, akaniambia baadaye kwamba sasa ndiyo anaelewa kwa nini tafsiri inalindwa. Kwa Muyaka ni hivyohivyo: ubeti chukua, lakini maelezo na tafsiri za mhaririwe wa kisasa ziache au ziombee.

Na kama unauza nje, hesabu inabadilika mpakani. George Orwell, mwandishi Mwingereza, alifariki Januari 1950, kwa hiyo kwa miaka 50 ya Tanzania na Kenya muda wake ulikwisha zamani. Uingereza ulikwisha mwishoni mwa 2020. Marekani, Animal Farm, iliyochapishwa mwaka 1945, inalindwa hadi mwisho wa 2040. Fulana ile ile yenye sentensi ile ile inaweza kuwa halali Kariakoo na kukuletea barua ya wakili ukiiuza kwa mnunuzi wa Chicago.

Watu wanapenda kuniuliza idadi. Maneno 30 yanaruhusiwa? Mistari miwili je? Hakuna idadi. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, ambao Kenya iliingia mwaka 1993 na Tanzania mwaka 1994, unaruhusu kunukuu kazi iliyokwisha kutolewa hadharani, mradi iwe kwa uungwana, kwa kiasi kinachohitajika na lengo lako, na chanzo na jina vitajwe. Neno la kushika hapo ni lengo. Ukinukuu ili ubishane na maneno, uyafafanue au uyakosoe, umesimama pazuri. Ukinukuu ili sura yako ipendeze, utetezi wako umepungua sana, kwa sababu hukuyafanyia kazi yoyote. Ndiyo maana nukuu za juu ya sura zinanitia wasiwasi kuliko zilizo ndani ya aya.

Kwenye ushairi wa Kiswahili jambo hili ni kali zaidi. Tarbia ina mishororo minne kwa ubeti. Shairi la beti mbili ukinukuu ubeti mmoja umechukua nusu ya kazi ya mtu, hata kama kwako ni "mistari minne tu". Tungo nyingine ni ubeti mmoja basi, na ukiunukuu umeichukua yote.

Usidhani vilevile kwamba maneno yakijulikana sana yanakuwa ya kila mtu. Hotuba ya Martin Luther King ya mwaka 1963 ilisikiwa na maelfu ya watu papo hapo, lakini warithi wake walipokishtaki kituo cha televisheni cha CBS kwa kuitumia, mahakama ya rufaa ya Marekani ilisema mwaka 1999 kwamba kuhutubia umati si kuyaachia maneno yawe mali ya umma. Ndiyo maana Selma, filamu ya mwaka 2014 kuhusu King, ilitungiwa hotuba mpya. Upande wa pili, wenye haki za mwandishi Mmarekani William Faulkner waliwashtaki wasambazaji wa filamu ya Woody Allen ya mwaka 2011 kwa sababu mhusika alimtaja Faulkner kwa jina na kurudia maneno yake tisa, tena si sawasawa, kwamba yaliyopita hayajafa wala hayajapita. Mahakama ya Mississippi iliitupa kesi hiyo mwaka 2013. Wasambazaji walishinda, ila hebu fikiria bili ya mawakili kwa maneno tisa.

Kwa fulana, vikombe, kalenda na kanga, mimi sibishani: kama mwandishi bado analindwa, andika barua. (Kanga zenyewe zina adabu hiyo. Zile za Kaderdina wa Mombasa zina "Mali ya Abdulla" pembeni miaka yote.) Barua iende kwa mchapishaji kwanza, na iwe na mambo anayoyahitaji ili aamue. Mfano: "Naandika kitabu kuhusu kilimo cha mwani Unguja. Naomba kutumia ubeti wa tatu wa shairi lililo ukurasa wa 41 wa kitabu chenu, juu ya sura ya pili. Nitachapa nakala 500 na toleo la mtandaoni, za kuuzwa Tanzania na Kenya. Nitamtaja mshairi, kitabu na mchapishaji kwa namna mtakayoelekeza. Kama kuna ada, naomba mnijulishe." Mchapishaji akiwa ameshafunga duka, tafuta familia, au uulize ofisi za hakimiliki: COSOTA kwa Tanzania Bara, COSOZA kwa Zanzibar, na KECOBO kwa Kenya.

Wasipojibu, kimya chao si ruhusa. Nakumbusha, napiga simu, na mswada ukifika siku ya kwenda kiwandani bila jibu, naitoa nukuu. Mahali pake mwandishi anasema kwa maneno yake kwamba kuna shairi fulani, la fulani, katika kitabu fulani, lililomfikirisha, na msomaji akipenda akalitafute. Wapo wachapishaji wanaojibu kitabu kikiwa kimeshatoka, na hapo ubeti tunauweka kwenye toleo la pili.