Mapambo ya msimu wa majani kupukutika, bila kutumbua pesa

Dada, nimekuelewa: uko Ohio, Marekani, ndiyo kwanza vuli yako ya kwanza, watoto wanataka mlango upambwe kama wa majirani, na kilichopo ni maboksi, sweta kuukuu na vipande vya kitenge. Vinatosha kabisa.

Anza na maboga ya kitambaa, watoto watayapenda. Kata kitenge mraba wa sentimita 50 hivi, weka katikati roli nzima ya karatasi ya chooni, kisha kunja ncha zote uzishindilie kwenye tundu la juu. Chomeka kijiti cha mdalasini kiwe kikonyo. Hakuna gundi wala sindano, na karatasi yako utaitumia baadaye. Langu la kitenge cha rangi ya chungwa bado liko mezani.

Kwa mlango, kata pete ya boksi, izungushie vipande vya sweta, ubandike majani. Yakandamize kwanza ndani ya kitabu kinene kama wiki moja, la sivyo yatajikunja. Tundika kwa utepe, usipige msumari kabla ya kumuuliza mwenye nyumba.

Ila tafadhali, watoto wasiokote majani mekundu yaliyokaa matatumatatu kwenye kikonyo kimoja. Kuna mmea wa hivyo huko unaowasha vibaya. Mtoto akivimba uso au akipumua kwa shida, mkimbize hospitali. Na mishumaa usiiweke karibu na majani makavu. Taa ndogo za betri zinapendeza vilevile.