B550 au X570?

Swali: Wakuu, nina prosesa ya Ryzen 5 5600, nichukue mazabodi ya B550 au nijikaze nipande X570? Natumia gemu na kuediti video kidogo, SSD (diski ya kuhifadhia data) moja tu.

Jibu: Chukua B550 mzee, hiyo X570 utalipia njia za PCIe (za kupitishia data kwenda kwenye kadi ya grafiki na SSD) ambazo hutazigusa. B550 ilitoka 2020, PCIe 4.0 (toleo lenye kasi kuliko 3.0) inaipata toka kwenye prosesa yenyewe, inatosha kadi ya grafiki na SSD moja, zile njia za chipseti (chipu kuu ya mazabodi) ndo zinabaki 3.0, na kwa SSD moja huwezi hata kujua. Kuovakloki (kuongeza kasi ya prosesa kupita ile ya kiwandani) pia inakubali. Halafu X570 nyingi zina kifeni juu ya chipseti, mi sikipendi kabisa. Ila angalia usije ukabadili ukachukua prosesa ya 5600G, hiyo inaishia PCIe 3.0.