Uliuza cherehani ya mama mkwe, sasa unauliza kosa liko wapi

*Mama Mkubwa, nakusalimia. Mimi ni mama wa watoto wawili, tunapanga Katuba, hapa Lubumbashi. Bwana yangu alipata kazi Kolwezi, mji wa migodi, mwezi wa tano, akatangulia. Akaniambia kwa simu: “Punguza vitu, kamio (lori) niliyopata ni ndogo.” Nikafanya kama alivyosema. Nilipiga picha, nikaweka kwenye WhatsApp, na kwa siku nne nikauza vitu vyote vya zamani: fotei (makochi) nne dola 120, frigo isiyogandisha vizuri 110, kabati 70, kitanda cha watoto 40, meza 30, cherehani ya mkono 20, masufuria mawili makubwa 15, kinu na mchi wake 5. Mbabula (jiko la makaa) nilimpa jirani. Televisheni iko kwa dada yangu, anatuhifadhia. Dola 150 nimeziweka za kamio, zilizobaki zimeenda kwa mahitaji.*

*Bwana alirudi Jumapili tufunge mizigo. Badala ya kunishukuru, aliuliza neno moja tu: cherehani ya mama iko wapi? Tangu siku hiyo hali bukari (ugali) yangu na analala sebuleni juu ya mkeka. Mama mkwe akatoka Likasi, akalia katikati ya lupango (kiwanja chetu) mbele ya majirani kama kuna matanga, akarudi bila kuniaga. Mashine yenyewe ilikuwa chini ya kitanda na vumbi lake. Marehemu baba mkwe alikuwa mtu wa Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, basi bwana anasema ndiyo iliyomlipia shule mshahara ulipokatika. Mshonaji wa Kenya, ile komini ya hapa mjini, aliyeinunua ninamfahamu. Kamio inakuja mwisho wa mwezi. Kosa langu liko wapi, na nifanye nini bwana aache kubeba hasira za mama yake?*

*Mama wa Wawili, Katuba*

Mama wa Wawili, pole. Kufunga nyumba peke yako, watoto wawili wanakuvuta kanga, wanunuzi wanagonga mlango saa kumi na mbili asubuhi, ni kazi inayovunja kiuno. Hilo nimelisikia. Sasa tuisome barua yako.

Mara ya kwanza nilipoisoma nilikuonea huruma. Mara ya pili nilichukua kalamu nikajumlisha. Mara ya tatu nikahamia upande wa bwana wako na mama yake, na mpaka ninapoandika bado niko huko.

Unasema ulimtii bwana. Alikuambia upunguze kwa sababu kamio ni ndogo. Sasa niambie, ni nini kinachojaza kamio? Fotei zinajaza. Kabati linajaza, na barabara ya kwenda Kolwezi ingelifikisha likiwa mbao. Frigo isiyogandisha ni mzigo wa bure. Hivyo vyote ulifanya vizuri kuviuza, na bei yako ya fotei si mbaya. Lakini cherehani ya mkono mtu anaipakata mapajani kama mtoto. Masufuria mawili yanaingia moja ndani ya jingine, na ndani yake unatia sahani. Mchi unalala pembeni. Vitu hivyo vitatu vimekupa dola 40 zote pamoja, na nafasi ya kamio uliyookoa haifiki hata mahali pa kuweka mguu.

Basi hukuviuza kwa sababu ya kamio. Neno lenyewe uliliandika bila kujua: “vitu vyote vya zamani.” Bwana alisema *punguza*, wewe ukasikia *ondoa vya zamani*. Mwanangu, nadhani uliona aibu. Uliwaza siku ile kamio itakapofungua mlango Kolwezi, majirani wapya wamesimama kuangalia bibi wa mtu aliyepata kazi, halafu kinashuka kinu, linashuka sufuria limekuwa jeusi, inashuka mashine ya kizee. Ukaona bora visishuke kabisa. Wahenga walisema usitupe mbachao kwa msala upitao. Nyumba ya Kolwezi hujaiona. Kazi za migodini siku hizi nyingi zinapitia kampuni ndogo zinazokodiwa na kampuni kubwa, na karatasi ya mkataba inaweza kuwa ya miezi michache tu. Na umeme unakatika Kolwezi kama unavyokatika Katuba. Mbabula uliyoitoa bure utainunua tena wiki ya kwanza, pamoja na mfuko wa makala (makaa).

Nirudi kwenye kalamu yangu. Nimejumlisha bei zako: 410. Toa 150 za kamio, inabaki 260. “Zimeenda kwa mahitaji.” Mahitaji gani? Umeniandikia hadi dola 5 za kinu, lakini 260 umezipitisha kwa neno moja. Mali bila daftari huisha bila habari, na bwana aliyerudi akakuta nyumba tupu bila habari ya makuta (pesa), akinyamaza na kulala juu ya mkeka, mimi namwita mvumilivu. Wengine wangeita wazee siku hiyo hiyo.

Tena iko hii televisheni. Kamio haina nafasi ya cherehani, lakini televisheni haikuuzwa wala haikufungwa. Ililala kwa dada yako. Sikuiti mwizi. Nasema tu kwamba kila kilichotoka upande wa bwana kilipata mnunuzi ndani ya siku nne, na kitu kimoja chenye thamani kikapata pa kulala upande wako. Mama mkwe aliyesimama katikati ya lupango aliyaona hayo. Wewe unafikiri alilia cherehani peke yake.

Na hata kama angekuwa ameilia peke yake, ungemkosea ukidhani ni kilio cha chuma. Tangu wakati wa Union Minière ya Wabelgiji hadi Gécamines iliyoirithi, mabibi wa wafanyakazi walifundishwa kushona kwenye foye sosiali (vituo vya mafunzo ya akina mama) za kambi. Miaka ile bwana alileta mshahara na posho ya unga, na cherehani ilikuwa ya kupendezesha nyumba: mapazia, vitambaa vya meza, nguo za watoto za Krismasi. Kisha ikaja miaka ya 1990. Mgodi wa Kamoto uliporomoka mwaka 1990, kampuni ikaanguka nao, mishahara ikawa ya kusubiri mwezi baada ya mwezi. Hapo ndipo cherehani ikawa baba wa nyumba. Mama aliyejua kushona alishona sare za watoto wa wenzake apate unga, na watoto wake wapate kukaa darasani. Mwaka 2003 wakatolewa wazee kwa maelfu katika ule mpango wa kuacha kazi uliolipwa kwa fedha za Benki ya Dunia, na wengi wao walichotoka nacho kiliisha upesi.

Na mama mkwe wako ni wa Likasi. Mtu wa Likasi ameona watu wakiuza vitu vya nyumba. Mwaka 1992 na 1993 watu wa asili ya mkoa wa Kasai walifukuzwa huku kwetu Katanga, wakalala stesheni za Likasi na Kolwezi wakisubiri treni, na vitanda, mashine na masufuria yao vikienda kwa bei ya machozi. Kuna jambo nililifanya mwenyewe miaka ile ambalo bado linaniamsha usiku. Nilinunua sahani za mama mmoja aliyekuwa anaondoka. Sahani kumi na mbili za maua, kwa unga wa siku mbili. Hakuniangalia usoni aliponipa. Nilifurahia bei, nikazifunika kwa kitambaa, na mpaka leo mgeni akija sizitoi. Kwa hiyo naposikia kwamba mwanamke alipita miaka kama hiyo bila kuuza cherehani yake, kisha mke wa mtoto wake akaiuza katika wakati wa heri, wakati kazi imepatikana, kwa dola 20, sihitaji mtu anieleze kwa nini alilia.

Uliandika kwamba ndiyo iliyomlipia bwana wako shule. Lakini uliliandika mwisho kabisa, baada ya vumbi. Ungeanza nalo, barua yako usingeimaliza. Ungekuwa njiani kwenda kwa mshonaji.

Najua kuna watakaonijibu kwamba mwanamke naye ana haki katika nyumba. Anayo. Sheria ya familia ya Kongo ya mwaka 1987 ilimfunga mwanamke aliyeolewa asifanye jambo la kisheria bila ruhusa ya bwana, na mabadiliko ya Julai 2016 yakaliondoa fundo hilo. Mimi nililifurahia kwa sababu nimeona wajane na wake wangapi walivyonyimwa vyao kwa fundo hilo. Lakini uhuru wa kuuza chako haukupi cha mwingine. Mali mliyoitafuta pamoja ndani ya ndoa mnaiongelea pamoja, bwana na bibi, kila mmoja. Kitu ambacho mama mkwe alikiweka kwenu ni cha mama mkwe, hata kikikaa chini ya kitanda chako miaka ishirini.

Hili ndilo linalonitesa katika ndoa za siku hizi. Tembea mji wetu, kuanzia Kamalondo mpaka Ruashi, utaona ukuta baada ya ukuta umeandikwa kwa rangi kwamba lupango hili haliuzwi. Rangi ile haikuwekwa kwa ajili ya wezi wa mbali. Iliwekwa kwa sababu mtoto, au mjomba, au bwana, au bibi, aliita komisioneri (dalali) siku ambayo wengine hawapo. Zamani mtu akitaka kuuza hata mbuzi alikohoa kwanza ili nyumba isikie. Leo tunapiga picha, tunaweka kwenye simu, na mtu wa Kasumbalesa, kule mpakani, anajua bei ya kitanda chako kabla ya yule unayelala naye. Bwana wako alikuwa na simu. Mlikuwa mnaongea. Picha ile ile uliyowatumia watu mia, ungemtumia yeye kwanza na maneno mawili: hii nayo?

Naye ana kosa lake, sitalificha. Kumwambia mtu “punguza” kisha kwenda ni kumwachia kisu bila kumwonyesha nyama. Angekaa jioni moja kabla ya kuondoka, mkazunguka nyumba na kipande cha makala, mkatia alama: hiki kinakwenda, hiki kinauzwa, hiki si chetu. Hata hivyo kosa lake ni la kusema kidogo. Lako ni la kunyamaza siku nne.

Na kwa sababu bado una vitu vya kuuza kabla ya mwisho wa mwezi, usivikimbize tena. Ulijua tangu mwezi wa tano kwamba mnahama, ukauza wakati mizigo iko mlangoni, na mnunuzi akiona kamba na maboksi anajua una haraka, anakata bei nusu. Watu wa kazi za mshahara wanapata makuta mwisho wa mwezi. Kabla ya hapo wanakuja kubembeleza tu. Kitu cha umeme mwonyeshe mtu siku ambayo umeme uko, kikiwaka mbele ya macho yake. Dola zigeuze mbele na nyuma, maana iliyochanika kidogo hakuna atakayeipokea Kolwezi. Na ndugu waulizwe kabla ya jirani. Mama mkwe angeipa cherehani ile nauli kurudi Likasi, kama ungemuuliza.

Sasa utafanya hivi. Leo, si kesho, uende kwa dada yako uichukue televisheni. Iuze upate za kukombolea cherehani, hiyo peke yake isingoje mwisho wa mwezi. Ukiipata bei nzuri sawa, ukiipata mbaya pia sawa. Kisha umwombe shangazi yako, au mama mwenye umri anayekuheshimu, mwende wawili kwa mshonaji wa Kenya. Usiende peke yako, mtu mzima akiwepo maneno yanakuwa na uzito. Usimwambie alikupunja, wewe ndiye uliyetaja 20. Mwambie ukweli kwamba uliuza kisicho chako, na umekuja kukomboa. Akitaka 40, toa. Akitaka 60, toa. Akisema ana kazi za wateja mezani, mlipe, umwachie siku tatu azimalize. Kama ameshaiuza, akupeleke kwa aliyemuuzia, na safari iendelee mpaka uishike kwa mkono wako.

Usiku huo mwekee bwana wako daftari mbele. Andika 410, andika 150, na zile 260 uziandike moja moja, hata kama kuna vitenge humo, hata kama kuna kusuka nywele. Usiongee sana. Akisoma akanyamaza, mwache. Na usimuulize tena lini ataacha “hasira za mama yake”, kwa sababu hasira hizo ni zake mwenyewe. Ni yeye aliyevaa sare iliyonunuliwa kwa mashine ile.

Cherehani usiifunge pamoja na masanduku. Ipakate. Barabara ya Kolwezi inapita Likasi. Mwombe dereva mapema asimame, mlipe kitu kidogo cha kusubiri, na ushuke nayo wewe, si bwana wako, si mtoto. Iwe imepanguswa na imetiwa mafuta. Piga magoti kwenye mlango wake, iweke chini mbele yake, umwambie: “Mama, niliuza kitu chako, nimekirudisha.” Usiongeze kamio, usiongeze vumbi. Akikukaribisha ndani, ingia, hata dereva akipiga honi.