Miaka Tisa Mbele ya Kwaya, Siku Tatu Kimya

Dada mmoja wa Sakina, Arusha, ameniandikia: "Dada, nikikaa kimya nisali, kichwa kinajaa ada za watoto na madeni ya kikoba. Wewe uliwezaje?"

Sikuweza, mdogo wangu. Niliangushwa kwanza.

Niliongoza kwaya ya parokia yetu hapa Moshi miaka tisa. Vitenge vya sare nilichagua mimi. Mchango wa kinanda niliufuatilia mimi, mlango kwa mlango, mpaka Himo. Mwezi wa pili tukafanya uchaguzi, nikapata kura 6 kati ya 41. Sita! Na moja niliipiga mwenyewe.

Wiki mbili sikukanyaga jumuiya. Mama mmoja jirani akachoka kuniona nimenuna, akanipandisha kwa masista huko juu Kibosho, mafungo ya kimya, siku tatu.

Siku ya kwanza nilipiga magoti mbele ya Ekaristi saa nzima nikiwajibu wabaya wangu, mmoja baada ya mwingine, kwa hoja. Nilipotoka sista mzee akaniuliza, "Umesali?" Nikamwambia ndiyo. "Na nani?"

Akanifundisha njia ambayo Thomas Keating, Mtrapisti wa Marekani, na watawa wenzake wa Spencer, Massachusetts, walianza kuwafundisha watu miaka ya 1970. Dakika 20 asubuhi, 20 jioni. Unachagua neno moja fupi, langu ni "Abba", yaani Baba. Wazo likija hugombani nalo wala hulifuati. Unalirudia neno lako taratibu, kama mtu anayemrudisha mtoto mkekani. Hata wazo zuri unaliachilia. Hata lile la kwamba leo umesali vizuri, na hilo ndilo king'ang'anizi kuliko yote.

Siku ya pili nililala tu.

Ya tatu, alfajiri, Kibo ikiwa wazi na migomba inadondosha umande, nikajiona. Miaka tisa nilikuwa namwimbia Mungu huku sikio moja likisikiliza nani ananisifu. Nilidhani yale maneno ya Yesu, "ajikane mwenyewe", yanawahusu walevi na wazinzi. Kumbe nafsi yangu ilikuwa imevaa sare ya kwaya, iko mstari wa mbele.

Ndugu zangu, tunapenda mno kelele. Spika zinatetemesha madirisha na bado tunasema Mungu hatusikii! Eliya pale Horebu alipitiwa na upepo, tetemeko na moto, ndipo ikaja sauti ndogo, ya utulivu. Sisi tukifika kwenye moto tunapiga vigelegele, tunakwenda zetu nyumbani.

Kwa hiyo, mdogo wangu: kaa, nyamaza. Simu ibaki chumba kingine. Dakika 20 zikikushinda, anza na tano. Ada zikija, rudi kwenye neno. Zikija tena, rudi tena. Na usimsimulie mtu. (Ndiyo, najua ninachofanya hapa.)

Jumapili iliyopita nilikaa benchi la nyuma kabisa. Mwenyekiti mpya alianzisha wimbo wa matoleo juu mno, sauti ya kwanza wakashindwa kupanda, watu wakageuka kunitazama.

Nikasema "Abba". Nililisema kama mara saba hivi kabla wimbo haujaisha.