Njia yetu ilisajiliwa upande usio wake

Kwetu Ngaramtoni, Arusha, ukiuliza mahali utaambiwa "panda juu" au "shuka chini", na kila mtu anajua juu ni kule mlimani. Mlima Meru uko mashariki yetu. Kwenye ramani, juu ni kaskazini. Neno hilo moja lilitusumbua karibu mwaka mzima.

Kiwanja chetu kiko nyuma ya kiwanja cha jirani, ambacho kiko kwenye kona: barabara ya gari inapita kusini, na magharibi kuna kichochoro cha miguu. Marehemu baba alikubaliana na mzee aliyekuwa jirani yetu tupewe njia ya mita 3 "upande wa juu". Wakaandikishana, mchoro ukaambatishwa, haki ya kupita ikasajiliwa. Mchoraji alikuwa ofisini mjini. Njia akaiweka juu ya karatasi, kwenye mpaka wa kaskazini, palipo na migomba na shimo la choo. Sisi tulikuwa tukipita mashariki siku zote. Hakuna aliyeshika ule mchoro akatembea nao.

Mzee alipouza, mnunuzi akaanza kujenga ukuta mbele ya geti letu. Hakuwa na ubaya. Alikuwa amesoma karatasi aliyopewa.

Nilitaka kukimbilia kwa wakili kumshtaki. Shangazi akanizuia: "Mwanangu, kesi itaisha, jirani utabaki naye." Namshukuru mpaka leo. Tulimwita mwenyekiti wa kitongoji, tukamwomba yule mzee aje. Alisimama pale akasema, "Njia niliyotoa ni hii." Maneno yake tukayaweka kwenye kiapo cha maandishi. Kama shahidi wako ni mtu mzima sana, fanya hivyo kabla ya jambo lingine lolote.

Baada ya hapo omba upekuzi rasmi, yaani taarifa ya kilichoandikwa kwenye daftari, katika ofisi ya msajili wa hati, na nakala ya waraka wenyewe pamoja na mchoro wake. Msibishane kwa kumbukumbu. Kisha mtafute mpima ardhi aliyesajiliwa, aipime njia inayotumika kuanzia kwenye bikoni, yaani alama za mpaka zilizosimikwa ardhini. Simu ikionyesha mahali hukosea mita kadhaa, na njia yenyewe ni mita 3, kwa hiyo picha ya simu haitoshi.

Sehemu iliyotaka uangalifu kuliko zote ni waraka wa marekebisho. Rasimu ya kwanza ilianzisha njia mpya mashariki lakini haikufuta ile ya kaskazini. Tungeisajili vile, jirani angebaki na njia mbili kwenye ardhi yake, na angekuwa na haki ya kukasirika. Waraka mmoja ufute na uanzishe, utaje namba za bikoni, urefu, upana na mwelekeo wa dira. "Juu", "chini" na "karibu na mwembe" visiwemo. Wasaini wamiliki wote wawili, na wenzi wao pia. Jirani alikuwa na mkopo, hati yake iko benki, ikabidi benki nayo iridhie. Hapo ndipo tulipokaa muda mrefu zaidi. Gharama zote nililipa mimi, kwa sababu njia ni yangu na yeye hakukosea kitu. Naamini hilo ndilo lililomlainisha.

Akikataa kabisa? Tangu marekebisho ya sheria ya 2021, Baraza la Kata halitoi tena hukumu ya ardhi, linasuluhisha tu. Lina siku 30. Likishindwa ndipo shauri lifike Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Usiruke hatua hiyo, shauri lako litarudishwa. Na kama mnachogombania ni kubadilisha daftari la msajili lenyewe, muulize wakili mapema ni mlango upi hasa wa kubisha, kwa sababu Mahakama Kuu nayo ina nafasi yake hapo.

Usajili ulipokamilika niliomba upekuzi mara ya pili, nikasoma mstari kwa mstari. Halafu nikamwita jirani na mpima. Tulitembea watatu, mchoro mkononi, kutoka barabarani hadi getini kwetu, na kwenye kila bikoni jirani alisimama akaigusa kwa mkono wake.